Neno "safi" nililolitamka mwezi wa tano: kisa cha mbegu ya viazi iliyoshuka kutoka Uporoto

Mwezi Mei, miaka kadhaa iliyopita, nilisimama pembeni mwa shamba la viazi mviringo juu ya Isyonje, kwenye milima ya Uporoto mkoani Mbeya, upande ambao barabara ya Kikondo inapanda kuelekea Kitulo. Nikawaambia wanakikundi kumi na wawili: "Mbegu yenu ni safi." Wakapiga makofi. Mwenyekiti wao, mzee wa rika la baba yangu, akaliandika neno hilo kwenye daftari la kikundi na kuweka tarehe. Miezi minane baadaye daftari lile liliwekwa mezani mbele yangu, limefunuliwa ukurasa uleule.

Vijana wanaokuja kwangu kufanya mazoezi ya vitendo huniuliza kazi ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea ikoje. Huwa nawapa kisa hiki. Nimekiandika chote, pamoja na mahali nilipokosea, kwa kuwa nadhani kosa langu bado linafanywa na wengi wenye elimu kuliko yangu.

Mkaguzi mwenyewe

Nianze na mimi, maana kosa lilianzia kwenye jinsi nilivyofundwa.

Nimezaliwa Rungwe, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa. Baba alikuwa na kishamba cha kahawa nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja matunda yakaanza kuwa meusi yakiwa bado mabichi mtini, yakasinyaa, mengine yakadondoka, mengine yakabaki yameng'ang'ania tawi. Ilikuwa chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda ya kahawa. Baba akachanganya mrututu na chokaa kwenye pipa, vidole vyake vikabaki vya bluu wiki nzima, akapuliza mti kwa mti. Matunda yakaendelea kuoza. Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni Morogoro kwamba dawa ile ni ngao. Inatakiwa ikute tunda changa bado zima, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Baba alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini alikuwa amechelewa wiki kadhaa na hakuwepo wa kumwambia. Fani hii niliichagua kwa ajili ya vile vidole.

Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwalimu wetu alitueleza habari za Harold Storey, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha Amani, milima ya Usambara, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Storey alishughulika na ugonjwa wa michirizi ya mahindi na kadudu kadogo kanakoruka kutoka jani hadi jani kakiueneza. Aligundua kwamba wadudu wa jamii ileile moja hawafanani: wengine hueneza virusi, wengine hunyonya mmea mgonjwa na wasieneze kabisa, na tabia hiyo hurithiwa. Kisha akachukua wale wasioeneza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, na baadhi yao wakaanza kueneza. Virusi vilikuwamo tumboni siku zote, vimezuiwa tu na ukuta wa utumbo. Niliandika hayo kwenye daftari langu, nikayakariri, nikafaulu mtihani. Kwamba mdudu aliyebeba ugonjwa na mdudu anayeueneza wanaweza kuwa wawili tofauti, niliijua kama jibu la swali la mtihani.

Kisha nikaajiriwa, na kwa karibu miaka kumi kazi yangu ikawa bakajani chelewa ya viazi. Huo ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Na ndio uliomfanya Mjerumani Anton de Bary, miaka ya 1860, athibitishe kwamba kimelea kinasababisha ugonjwa wa mmea na wala hakizaliwi na uozo. Kwetu nyanda za juu kusini, penye ukungu wa asubuhi na mvua ya miezi sita, bakajani ina makazi ya kudumu. Nilitembea matuta nikihesabu: jani hili limeliwa asilimia tano, lile ishirini, lile limekwisha. Nilipima viazi aina kwa aina, ile iitwayo Kikondo pembeni ya Arka, Arka pembeni ya aina mpya. Nilikuwa hodari. Jicho langu lilizoea jani, nalo likaacha kutazama chini.

Huyo ndiye mtu aliyeombwa na mradi mmoja wa mbegu kukagua shamba la kikundi mwezi Mei.

Shamba lilivyokuwa

Shamba lilikuwa kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Viazi vilipandwa Februari. Mwezi Mei kule juu mtu huamka na koti, na mvuke humtoka mdomoni mpaka saa tatu. Mimea ilikuwa imesimama vizuri, rangi ya kijani iliyokolea, bakajani kidogo sana kwa sababu kikundi kilipuliza kwa wakati. Nilitembea kila tuta. Nikachimbua viazi ishirini huku na huku, nikavikata, ndani vyeupe. Nikasema nilichosema.

Kikundi kilikuwa kwenye hatua za kuomba kusajiliwa kwa utaratibu wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ili kizalishe mbegu za kuazimiwa ubora. Kwa hiyo wakati ule mbegu yao ilitembea kwa kuaminiana na kwa neno langu. Wakavuna Julai, wakachagua viazi vya ukubwa wa yai la kuku, wakavitandaza kwenye kibanda chenye mwanga hafifu. Novemba fuso la kwanza likashuka nayo vijiji vya chini, ng'ambo ya Mbalizi kuelekea bonde la Songwe, kwenye mita 1,500 au pungufu kidogo, ambako jua ni kali na watu hulima mahindi, nyanya na kahawa. Kule viazi ni zao la kujaribu bahati, na mbegu ya juu inasifika.

Wiki ya pili ya Januari simu ikalia. Bwana shamba wa kule chini alisema viazi vinanyauka vikiwa vya kijani. Wakulima walikuwa wameshapuliza dawa ya ukungu mara tatu.

Glasi ya maji

Kabla sijafika nilishajua ninakwenda kuona nini, na nilikuwa nikiomba nisiwe sahihi.

Shamba la kwanza lilikuwa la mama mmoja mwenye eka moja nyuma ya nyumba. Saa nane mchana, jua la utosi. Mimea ilikuwa imelegea kama mchicha uliosahauliwa juani. Nyingine ilikuwa imelegea upande mmoja tu: shina moja limeanguka, la pili kwenye shimo lilelile limesimama. Hapakuwa na baka kwenye jani, wala ule ukungu mweupe chini ya jani. Alinieleza kwamba siku za kwanza mimea ililegea mchana na kusimama jioni, akadhani ni kiu, akamwagilia. Baadaye ikawa haisimami tena.

Nikamwomba glasi ya maji safi. Nikakata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, nikakishika kwa kibanio ncha yake ikigusa maji tu, nikakaa kwenye kigoda pamoja naye. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu uzi mweupe, mwembamba kuliko unywele, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, umenyooka. Ukafuata wa pili. Baada ya dakika tano chini ya glasi pakawa na wingu kama la maziwa.

"Hiyo nini, mama?" akaniuliza.

"Hao ndio wanaoziba. Mmea una mishipa ya kupandishia maji. Hawa wameingia kwenye mizizi, wakazaliana humo, wakatoa ute. Mmea unakufa kiu na miguu iko kwenye maji."

"Na ile dawa niliyopuliza?"

"Ile ni ya ukungu. Hawa ni bakteria, dawa haiwafikii." Nilitamani niwe na jibu jingine la kumpa.

Mnyauko bakteria ulielezwa kitaalamu na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896. Jina la kimelea limebadilishwa mara kadhaa tangu hapo na sasa kinaitwa *Ralstonia solanacearum*. Huishambulia mimea zaidi ya aina 200: kiazi, nyanya, bilinganya, pilipili, tumbaku, hata mnavu unaojiotea kando ya shamba. Huingia kupitia majeraha ya mizizi, yawe ya jembe au ya minyoo ya udongoni. Husafiri ndani ya mbegu, kwenye tope la jembe na kwenye maji yanayotiririka kutoka shamba la juu hadi la chini. Mkulima hana dawa ya kuutibu. Na jambo lililobeba kisa chote: kwenye baridi hutulia. Joto likiwa chini ya nyuzi 15 au 16 mmea unaweza kukua, kuchanua na kuzaa, bakteria wakiwa ndani yake, na asiwepo wa kuwaona.

Eka moja, mbegu mbili

Kujua jina la ugonjwa ilikuwa kazi ya dakika tano. Swali gumu lilikuwa chanzo chake, na wengi hukimbilia kujibu hapo.

Yalikuwepo maelezo mawili yenye nguvu sawa. La kwanza, udongo wa kule chini ulikuwa na bakteria tangu zamani, kwa kuwa ni eneo la nyanya. Hilo lingenifaa mimi, kwa kuwa lingeniondoa kabisa kwenye lawama. La pili, ugonjwa ulishuka ndani ya mbegu.

Nilikwenda mashamba matano. Kama chanzo ni udongo, nilitarajia kuona mabaka: kona fulani imekwisha, kwingine kuzima, na mabaka yakifuata mkondo wa maji. Nilichokiona ni mimea iliyonyauka hapa mmoja, hatua nne mbele mwingine, imetawanyika kama mtu aliyemwaga chumvi. Kwenye mashamba matatu kati ya hayo matano wenyewe waliniambia hawajawahi kupanda nyanya wala kiazi, ni mahindi miaka yote. Lakini mkulima anaweza kusahau, na mnavu hakuna anayeuhesabu.

Yule mama wa kwanza ndiye aliyelimaliza swali bila kujua. Nilipokuwa naondoka aliniambia, kwa masikitiko tu, "Afadhali hata vile vyangu vya zamani." Nikarudi. Mbegu ya kununua haikumtosha, akamalizia matuta saba kwa viazi alivyopewa na wifi yake. Udongo mmoja, mvua moja, jembe moja, siku moja ya kupanda. Tukayatembea matuta yale saba mguu kwa mguu. Mmea ulionyauka ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kwenye tuta linalopakana na mbegu ya kununua. Matuta ya upande wa pili sikuhitaji kuyahesabu.

Jaribio zuri kuliko hilo nisingeweza kulipanga mwenyewe. Alilipanga mwanamke aliyeishiwa mbegu.

Jioni ileile nilipeleka mashina maabara, nikapandikiza kwenye sahani zenye chakula cha bakteria kilichotiwa rangi ya tetrazoliamu, njia aliyoianzisha Arthur Kelman mwaka 1954. Baada ya saa 48 vikundi vya bakteria vilikuwa vimeota: vyeupe, vya majimaji, visivyo na umbo maalumu, katikati wekundu wa waridi. Ilikuwa Ijumaa.

Na Jumamosi fuso la pili lilikuwa linapakia juu.

Jumamosi

Nilifika na bodaboda saa nne asubuhi. Gunia zilikuwa zimeshapangwa barazani, dereva anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtaalamu. Karibu."

Alikuwa akiniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Habari zilishapanda mlima kabla yangu. Daftari lilikuwa mezani.

Niliwaambia yote niliyoyaona, kwa mpangilio, na glasi nikaieleza kwa mikono. Kisha nikasema: "Mwezi wa tano niliwaambia mbegu ni safi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba sijaona ugonjwa. Hayo ni maneno mawili, na mimi ndiye niliyeyachanganya. Naomba gari hili lisishuke leo."

Mama mmoja wa kikundi akauliza lililokuwa kwenye vichwa vya wote. "Una uhakika kwamba umetoka kwetu?"

"Sina uhakika kamili. Kwamba kule chini ni mnyauko bakteria, hilo nimelithibitisha. Kwamba umetoka kwenye mbegu hii, ninaamini hivyo kwa niliyoyaona, lakini ndani ya kiazi chenu bado sijaukamata hata mmoja."

"Basi tuuze. Ukiukamata utatuambia."

Ile haikuwa hoja ya mtu mbaya. Ilikuwa Januari. Malipo ya awali ya mnunuzi yalishakuwa sare, viatu na madaftari ya watoto. Kurudisha pesa ile ilikuwa na maana ya kuuza mbuzi, na kuna waliokuwa hawana mbuzi. Na mimi niliyekuwa nawaomba haya ndiye niliyewapa lile neno.

Njia nilizokuwa nazo zilikuwa tatu. Kunyamaza mpaka nipate ushahidi kamili, ambao ungechukua wiki tatu, na mbegu ingekuwa imeshaingia ardhini kwa watu wengine wengi. Kupiga simu kwa wenye mamlaka wazuie gari, jambo ambalo lingefanikiwa na lingefunga mlango wa kijiji kile kwangu na kwa kila mtaalamu atakayenifuata. Au kuwaeleza ninachokijua na nisichokijua, kisha kuwaachia uamuzi. Nilichagua ya tatu, na mpaka leo ipo siku naamka nikiiona ilikuwa ya woga. Kama wangekataa, ningepiga simu? Nadhani ningepiga. Sijui kama ningepiga mapema vya kutosha.

Mzee alikaa kimya muda mrefu, anapapasa jalada la daftari. Kisha akasema: "Gari likishashuka hatuwezi kuliita lirudi. Viazi vikibaki hapa, wiki tatu zijazo bado vitakuwa viazi."

Gunia zikateremshwa. Si zote: wanachama watatu walibeba za kwao wakaziuza kama viazi vya kula. Hilo nalo lina hatari zake, maana maganda na vilivyooza vikitupwa shambani vinarudisha bakteria udongoni. Sikuwa na nguvu ya kuwazuia.

Juu ya moto

Kiazi kilichobeba bakteria wakiwa wametulia hakionyeshi kitu ukikikata. Inabidi ukiamshe kwa joto, na kule juu joto la kudumu lipo mahali pamoja, jikoni.

Nikachukua viazi sitini, vitano kutoka kwenye akiba ya kila mwanachama, kila kitano kwenye mfuko wake wenye alama. Vikawekwa kwenye ndoo iliyofunikwa gunia bichi, juu ya kichanja cha mahindi kilichopo moja kwa moja juu ya mafiga ya mke wa mwenyekiti. Nikafunga kipimajoto pembeni ya ndoo. Kilicheza kati ya nyuzi 25 na 30, kwa sababu mama yule hakuacha moto uzime hata usiku. Kila asubuhi alilowesha gunia. Sampuli nyingine kama hiyo niliipeleka maabara, lakini nilitaka jibu lionekane kijijini, kwa macho yao.

Siku ya ishirini na mbili tukateremsha ndoo mbele ya kikundi. Mfuko wa kwanza, viazi vitano, vyeupe. Wa pili hivyohivyo. Kwenye mfuko wa nne, kabla ya kukata, niliona macho ya kiazi kimoja yameshikilia udongo unaong'aa, kama jicho la mtoto mwenye tongotongo. Nikakikata kwa upana. Duara la kahawia lilikuwa limezunguka ndani, nusu sentimita kutoka kwenye ganda. Nikakibana kwa kidole gumba, na kwenye lile duara vikatokeza vitone vyeupe vizito kama maziwa ya mgando.

Hakuna aliyesema neno. Tukaendelea hadi mwisho. Vilivyougua vilikuwa saba kati ya sitini, na vyote saba vilitoka kwenye mifuko miwili. Maabara nayo ilileta jibu lilelile.

Wenye mifuko ile walikuwa majirani wa mteremko mmoja, mmoja juu na mwingine chini yake. Jioni mmoja wao alinisindikiza hadi barabarani. Tulitembea bila kuzungumza mpaka tukaona taa za magari.

"Mama," akasema, "ile mbegu mliyotuletea iliniishia. Yale matuta ya chini nikamalizia na madebe mawili niliyonunua pale barabarani."

"Yalitoka wapi?"

"Sikuuliza."

Nilimwambia mwenyekiti kwamba chanzo ni mbegu ya kuongezea, bila kutaja ya nani. Akaitika kwa kichwa. Alikuwa anajua.

Ninavyolipima sasa

Yule mtu wa madebe mawili simlaumu. Kuziba matuta yaliyobaki wazi kwa kiazi cha sokoni ni jambo analolifanya kila mkulima wa viazi kuanzia Umalila hadi Njombe. Mimi ndiye nilikuwa na wajibu wa kuuliza, na swali lenyewe lilikuwa jepesi: mbegu hii imelala wapi kabla ya hapa, na kuna mtu aliyeongezea? Sikuuliza kwa sababu nilikuwa natazama majani.

Kosa la pili ni la hesabu. Nilikata viazi ishirini. Tuseme kiazi kimoja katika kila mia kina ugonjwa unaoonekana: ukichukua ishirini, nafasi ya kukamata angalau kimoja ni kama 18 katika 100. Ukichukua sitini, inafika 45. Kanuni za Ulaya hudai viazi 200 kwa kila tani 25 za mbegu, navyo huenda maabara, na hata hapo, kwa kiwango kile cha kimoja kwa mia, ungekikamata mara 87 katika 100. Mimi niliiita "safi" kwa viazi ishirini vilivyotazamwa kwa macho, mwezi wa baridi, ugonjwa ukiwa wa aina isiyoonekana kwa macho. Ile sindano ya Storey niliyoikariri Morogoro ilikuwa inanieleza jambo hilohilo: kilichobeba ugonjwa kinaweza kukaa kimya mpaka kizuizi kiondoke. Kwa mdudu kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Kwetu kilikuwa baridi ya Uporoto, na tuliiondoa wenyewe tulipoishusha mbegu Songwe.

La tatu linanigusa zaidi kwa sababu linahusu namna tunavyosifiana kwenye fani yetu. Sisi wa nyanda za juu tumekuwa tukiuza baridi yetu kama cheti. "Mbegu ya juu haina magonjwa," husemwa kila mahali, na kwa virusi vinavyoenezwa na vidukari kuna ukweli mwingi ndani yake, kwa kuwa kwenye baridi vidukari ni wachache. Kwa mnyauko bakteria maneno hayo ni hatari. Baridi haiui. Inaficha.

Baada ya mwaka ule niliomba kuhamishwa kutoka kwenye majaribio ya bakajani kwenda kwenye afya ya mbegu. Wenzangu wengine waliona nimejishusha, maana aina mpya ya kiazi ina jina na uzinduzi, na mgeni rasmi hupiga picha nayo. Mbegu isiyo na ugonjwa haina sherehe. Sijawahi kujutia.

Mashamba yale mawili ya mteremkoni yaliwekwa kwenye ngano, kisha mahindi, kisha ngano tena. Maotea ya viazi yaling'olewa kila yalipochomoza. Mwaka wa kwanza pekee tulirudia mara nne, kwa sababu kiazi kimoja kilichobaki ardhini kinawatunza bakteria kuliko udongo wenyewe. Kikundi kilianza upya kwa mbegu mama iliyopimwa, kidogo sana, matuta tisa tu ya kwanza. Kikawarudishia wakulima wa chini nusu ya mbegu waliyopoteza, kwa misimu miwili. Nusu nyingine haikurudi. Yule mama mwenye eka moja hawezi kupanda kiazi wala nyanya nyuma ya nyumba yake kwa miaka mitatu au zaidi, na kila tukikutana Mbalizi huniuliza bado mingapi.

Msimu wa kwanza wa mbegu mpya nilipanda tena kule juu, mwezi Mei, kwenye baridi ileile. Safari hii niliuliza kwanza, nikaandika majibu, ndipo nikaingia shambani. Tulikata shina moja kutoka kila tuta, tukapanga glasi tisa kwenye ubao mbele ya kibanda. Mzee alikaa mbele yake kwenye kigoda, saa yake mkononi. Dakika tano. Kumi. Maji yakabaki maji.

Akafungua daftari. "Niandike nini, mwanangu?"

"Andika sijaona."

Akaandika, akaweka tarehe. Kisha akanyanyua kichwa akamwita mkewe jikoni, akamwambia aiteremshe ndoo na aongeze kuni.